Mifereji ya Meru, mifereji ya Wallis

Anayefika Gimmelwald, kijiji cha Uswisi kisichoingiwa na magari ya wageni, hahitaji kumwuliza mtu njia. Vibao vya njano vinamweleza kijiji kinachofuata kiko mwendo wa muda gani kwa miguu. Mwaka 1979 Waswisi walipiga kura njia hizo ziingizwe kwenye katiba yao. Kijijini kuna duka lisilo na muuzaji: unachukua jibini, unaacha hela, unakwenda zako. Kijiji kiko mita 1,360 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Arusha mjini, penye mita 1,400, pako juu zaidi.

Ng'iresi, kijiji kilicho kilomita chache kutoka mjini kwenye miteremko ya Mlima Meru, huingii bila mwenyeji. Kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya utalii wa kitamaduni, ulioanza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV. Anakutembeza kijana wa palepale, na kila boma mnasimama: shikamoo, habari za nyumbani, mvua mmeionaje. Watoto wanainamisha vichwa waguswe, ndiyo heshima ya Waarusha. Mwendo wa saa moja unakuwa wa saa tatu. Wapo wenzangu wa ughaibuni wanaokereka kwa kucheleweshwa. Mimi nilikuwa nimeyakosa hayo miaka mingi.

Ila kuna kitu tunakiruka, tena kwa hatua moja. Waarusha na Wameru walichimba mifereji ya kushusha maji ya mlima hadi kwenye migomba, kahawa na maharage, wakagawana kwa zamu. Wakulima wa jimbo la Wallis, huko Uswisi, walifanya vivyo hivyo tangu zama za kati, mingine wakiipachika kwenye majabali, na kila familia ilijua saa zake za maji. Leo watu husafiri kutoka mbali kutembea kando ya mifereji ile, na mwaka 2023 UNESCO iliuandika umwagiliaji wa jadi wa Uswisi na nchi nyingine sita za Ulaya katika urithi wa utamaduni usioshikika.

"Huu ni mfereji tu, dada," kijana aliniambia, akiwahi kunionyesha kilima cha Kivesi. Nikamwuliza leo zamu ya nani. Alijua! Akanipeleka kwa mama aliyekuwa na jembe, anazibua maji yaingie kwenye maharage, naye akanieleza bila haraka nani hupanga zamu, nani huitwa tope likijaa, na mwizi wa maji ya usiku hufanywaje. Kule Wallis maelezo kama hayo niliyasoma kwenye ubao.

Natamani vijiji vya Meru viwe na matembezi yanayoanzia kwenye chanzo cha maji na kuufuata mfereji hadi shamba la mwisho, wazee wa mfereji wakiwa ndio waongozaji, na walipwe kwa kazi hiyo.