Jua la Kununua

Sehemu kubwa ya riziki ya tumbawe hutoka kwenye mwanga. Ndani ya nyama yake laini unaishi mwani mdogo usioonekana kwa jicho, na mwani huo hutengeneza sukari kwa jua, ukajilisha na kumlisha mwenyeji wake. Elimu hiyo sikuipata Chovai nilikozaliwa, ambako matumbawe yalianzia pale nchi kavu ilipokomea. Niliipata Glasgow, kichwa kimeshaingia mvi, katika duka la samaki wa mapambo ambako kazi yangu kubwa ni kutundika taa na kuzirekebisha.

Kwa asiyeijua, Chovai ni kimoja cha visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo, na chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale uliopanda juu ya maji. Magofu ya kule ni ya mawe hayo hayo na chokaa yake. Sisi tulikulia nyumba za udongo na makuti, lakini chokaa iliendelea kuchomwa. Nikiwa mdogo nililiona tanuri likipangwa: magogo chini, matumbawe juu, moto usiku kucha, kisha maji yakimwagiwa mpaka mawe yakapasuka na kuwa unga. Mengine yalikuwa yametolewa baharini yangali na ute. Hakuna aliyeona ajabu. Jiwe ni jiwe.

Siku za bamvua, maji yakishakupwa, mwamba ulijaa watu. Kina mama na vikapu vyao, sisi watoto na vijiti vya kuchokolea pweza. Tulipita juu ya matumbawe ya matawi nayo yakikatika chini ya makubadhi kwa sauti kavu, na tulipenda kuisikia. Wavuvi waliyalaani kwa kuwachania nyavu. Nanga ilitupwa popote. Ikinasa, kijana alizama kuinasua, na bonge lililopanda nayo lilirudishwa majini vipandevipande. Na jua, ndilo hasa tulilolikimbia. Adhuhuri wanaume walijilaza uvulini mwa mashua zilizopandishwa pwani, nyuso zimefunikwa vitambaa, wakingoja lipunguze makali.

Mwaka 1991 serikali ilipoanguka na bunduki zikafika visiwani, tuliondoka kwa mashua. Wengi wetu tuliishia kambi ya Jomvu, Mombasa, na baadaye wengine tukafika Uingereza. Huku afisa aliniuliza majina ya visiwa na ya samaki ili ahakikishe kwamba kweli mimi ni Mbajuni. Juu ya matumbawe hakuuliza, na hata angeuliza sijui ningemjibu nini zaidi ya kwamba yanakata miguu.

Glasgow mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi, na hata likiwapo halina nguvu. Kwa hiyo jua la matumbawe tunalinunua. Mafundi wa zamani wa kazi hii walitumia taa za metali halidi za wati 250 au 400, zilizotoa mwanga mzuri na joto la kuchemsha maji, hata wakalazimika kununua na mashine ya kuyapoza. LED ndiyo iliyobadilisha mambo, hasa ile ya buluu. Mjapani Shuji Nakamura alionyesha LED ya buluu yenye nguvu mwaka 1993, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Buluu ndiyo inayotakiwa kwa sababu bahari humeza wekundu wa jua katika mita chache za juu. Kinachofika chini kwenye mwamba ni buluu zaidi, na mwani wa tumbawe umezoea kula hiyo.

Kuwasha taa ni kazi ya mtoto. Kuipa mahali pake ndiyo kazi. Naitundika kwa nyaya nyembamba kutoka darini, yapata sentimita 30 juu ya maji. Ikishuka mno, inachoma katikati na pembeni kunabaki giza. Ikipanda mno, mwanga unamwagika sakafuni na machoni mwa wateja. Kisha nazamisha kipima mwanga chenye kichwa kidogo cheupe, nakipitisha juu ya jiwe, katikati, chini mchangani, huku nikiandika namba. Jua la adhuhuri la nchi za tropiki hutoa kama mikromoli 2,000 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Mimi nikipata 300 juu ya jiwe kwa ajili ya Acropora, tumbawe la matawi, na 80 au 100 chini kwa matumbawe laini, nimeshukuru. Taa ikiwa moja, kila tawi huweka kivuli chake, na upande wa kivuli hufa polepole. Naweka mbili zipishane. Kila wiki nafuta chumvi iliyoganda kwenye lenzi, maana chumvi hiyo peke yake inaiba mwanga usiojua umekwenda wapi.

Tumbawe jipya haliwekwi juu siku ya kwanza. Kwanza hukaa chini, taa ikiwa kwenye asilimia 30 au 40, kisha naipandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mengi siku hizi ni vipande vilivyokatwa kwenye tumbawe mama na kugandishwa kwa gundi juu ya kisahani, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Mteja hulipa kipande hicho pesa ambazo Chovai zingenunua ngarawa ya nyavu, akakibeba kifuani kwa mikono miwili.

Nilimsimulia mpwa wangu aliyeko Kismayo. Akaniuliza, "Mjomba, hizo taa mnazilipia umeme kwa ajili ya jiwe?"

"Si jiwe, mwanangu. Ni mnyama."

"Basi wanyama hao kwetu walikuwa wanakula bure."

Walikuwa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño ile kubwa, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe yakapauka kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka Shelisheli na Maldivi. Dada yangu, mama wa kijana huyo, aliniambia mwamba umevaa sanda. Watu walidhani meli za kigeni zimemwaga sumu. Leo ningeweza kumweleza: maji yakizidi moto, mwani hushindwa kuutumia mwanga unaoupokea, ukaanza kuzalisha sumu ndani ya tumbawe, nalo likautapika. Yaani jua lile lile lililolilisha ndilo linalolimaliza. Dukani nikiona dalili za weupe, naipunguza taa robo nzima na kuangalia joto la maji, na mara nyingi rangi hurudi. Kule hakuna wa kupunguza. Kiunga, ng'ambo tu ya mpaka, Kenya ilitangaza hifadhi ya bahari mwaka 1979. Upande wetu, mwaka huo wa 1998, hapakuwa na serikali ya kupima chochote.

Joto la bahari halikuletwa na Wabajuni, na sitaki kijana wa Chovai alibebeshwe. Lakini tanuri na nanga ni vya kwetu. Tumbawe la matawi laweza kukua sentimita 10 kwa mwaka, kwa hiyo tulilolikanyaga utotoni pengine lilirudi kabla hatujabaleghe. Yale ya mabonge, yanayopendwa kwa chokaa, huongezeka kama sentimita moja tu. Mjengaji, saruji ipo, nunua saruji. Na wewe nahodha, tafuta mchanga utupe nanga. Bonge lenye kimo cha mita moja lilianza kukua zama zile Mwingereza anamkabidhi Mtaliana Jubaland, mwaka 1925.