Sekunde Tisini na Nane

Ndugu msomaji, likizo ya Aprili mwaka huu sikuimaliza nikichunga ng'ombe wala nikitazama runinga kama wengi wetu. Mama alinituma Nairobi kwa mjomba, ndugu yake mdogo, akisema kwamba mvulana wa kidato cha tatu asiye na kazi ni mzigo kwa sufuria. Mjomba ni fundi wa mabomba. Si mabomba ya jikoni wala ya chooni, la. Yeye hukagua mabomba yale yanayopita darini katika majengo makubwa, yenye vichwa vidogo vya shaba vinavyoning'inia kama popo, ambavyo moto ukitokea humwaga maji. Yeye huviita sprinkla. Mimi, kwa heshima ya Chama chetu cha Kiswahili, nitaviita vinyunyizio.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa na elimu ya sinema tu: mtu anawasha kiberiti chini ya kichwa kimoja, na papo hapo jengo zima linanyeshewa. Nilipomweleza mjomba hivyo alicheka hadi machozi yakamtoka. Kumbe kila kichwa kina kijichupa cha kioo, urefu wake kama punje tatu za mchele zilizopangwa mstari mmoja, na ndani yake mna umajimaji wa rangi. Rangi yenyewe si urembo. Chenye rangi nyekundu hupasuka joto likifika digrii 68 za Selsiasi, cha manjano 79, cha kijani 93. Joto likipanda umajimaji ule hufura, kioo hupasuka, maji yanatoka. Lakini ni kichwa kile kilichofikiwa na joto tu. Vingine hukaa vimefungwa, vikingoja zamu yao ambayo mara nyingi haifiki. Mmarekani mmoja, Henry Parmelee, alikuwa na vinyunyizio vya kujifungua vyenyewe katika kiwanda chake cha piano tangu mwaka wa 1874. Sisi tumechelewa kushangaa.

"Sasa mjomba, kama vinajifungua vyenyewe, wewe unalipwa kufanya nini?" nikamwuliza.

"Nalipwa kuhakikisha kwamba vikifunguka, kuna mtu atajua," akanijibu.

Jumamosi hiyo tulikwenda kwenye jengo moja la orofa tano, ambalo jina lake nitalihifadhi. Chini palikuwa na maduka, juu ofisi, na orofa ya tatu nzima ilikuwa karakana ya ushonaji. Kina mama kama thelathini hivi walikuwa wameinamia cherehani, na marobota ya vitambaa yalikuwa yamepangwa hadi karibu yaguse dari. Mjomba hakuanza na salamu. Alitoa futi ya chuma, akapima kutoka kwenye kinyunyizio hadi kwenye robota la juu, akatikisa kichwa. Alimwambia msimamizi wao kwamba chini ya kila kichwa lazima ibaki nafasi ya inchi 18, ambazo ni kama sentimita 46, la sivyo maji yatagonga vitambaa yasiweze kutawanyika. Ndipo akawasalimu. Mama mmoja mwenye miwani aliniita, akanipima mabega kwa macho akasema sare yangu ya shule imenibana, nimwambie mama anishonee nyingine. Nilitahayari, maana alisema kweli.

Nikaanza kazi. Kwanza tulikwenda kwenye valvu kubwa ya kuingizia maji. Ina gurudumu kama usukani wa lori, na pembeni yake imefungwa kihisi kidogo. Mjomba akaniambia nizungushe gurudumu, taratibu. Sikumaliza hata mizunguko miwili, paneli iliyoko ukutani ikaanza kulia 'pi-pi-pi' na taa ya manjano ikawaka. Maana yake ni kwamba mtu anachezea valvu. Si moto, lakini ni ushahidi kwamba kuna mkono. Wengi hudhani paneli husema neno moja tu, yaani moto. Kumbe husema matatu: moto wenyewe, kuguswa kwa kitu kisichofaa kuguswa, na ubovu wa waya. Hilo la waya lilinifurahisha kuliko yote kwa sababu ndiyo ile fizikia tunayoilalamikia darasani. Mwishoni mwa waya pamefungwa rezista, na paneli hupitisha umeme kidogo mchana na usiku. Waya ukikatika, umeme haurudi, paneli inajua. Bwana Ohm hajafa.

Halafu kuna kihisi cha mtiririko, na hicho ndicho kilichoniletea balaa. Ndani ya bomba la kila orofa kuna kipande chembamba cha plastiki ambacho mjomba hukiita padeli. Nilimwambia kwa Kiswahili hicho ni kafi, kama la mtumbwi. Alikubali shingo upande. Kinyunyizio kimoja kikifunguka, maji hukimbia, yanalisukuma kafi, kafi linabonyeza swichi, kengele inalia. Lakini halilii papo hapo. Maji ya mji hupanda na kushuka nguvu, na pampu ikiwaka hutikisa bomba zima, kwa hivyo swichi hiyo imewekewa kichelewesho: husubiri ihakikishe kwamba maji yanakimbia kweli. Kichelewesho hicho hurekebishwa kwa kijigurudumu kidogo chini ya kifuniko. Sheria wanayoifuata mafundi ni kwamba tangu maji yaanze kukimbia hadi kengele ilie zisipite sekunde 90.

Njia ya kupima ni rahisi mno. Mwisho wa bomba la kila orofa kuna koki ya majaribio yenye tundu sawa na la kinyunyizio kimoja. Ukiifungua, bomba linadanganyika kwamba kichwa kimoja kimepasuka. Mjomba alikwisha kuwaarifu wapangaji wote na kubandika tangazo kwenye lifti ili watu wasitimue mbio. Akanivisha shingoni saa ile ya mwalimu wa michezo, akanipa simu yake ya pili, akasema, "Wewe kaa hapa kwa paneli. Nikisema 'sasa', bonyeza. Kengele ikilia, bonyeza tena. Usibanduke."

Orofa ya kwanza, sekunde 38. Ya pili, 42. Nilijiona bingwa.

Wakati mjomba anapanda ya tatu, askari wa mlangoni, mzee mcheshi, akaniletea chai ya rangi na mandazi mawili. Niliiweka simu mezani. Mzee akaniuliza kama mimi ni wa Gor Mahia au wa Ingwe. Wasomaji wa magazeti ya michezo wanajua kwamba swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Tulikuwa tumefika mbali, mzee amesimama kunionyesha jinsi kipa alivyoruka, mara kengele ikapaaza sauti juu ya vichwa vyetu. Nikatazama saa shingoni. Sufuri. Mjomba alikuwa amesema 'sasa' na sikumsikia.

Simu ikanguruma. "Ngapi?"

Ndugu msomaji, ningeweza kusema 'Samahani mjomba, turudie.' Maneno matatu. Badala yake ulimi wangu ukachagua nambari inayofanana na zile za kwanza. "Arobaini na tano," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Mbona huku naona kama imechukua muda?"

"Hapana mjomba. Ni arobaini na tano."

"Haya. Wewe ndiye mwenye saa." Akaandika.

Orofa ya nne ilitoa sekunde 40. Ya tano haikutoa kitu. Saa ilipita 60, ikapita 90, ikapita 120, kengele kimya kama kaburi, na paneli taa zake zote za kijani, shwari kabisa. Mjomba alipofunga valvu ya orofa hiyo, akayamwaga maji na kufungua kihisi, tulikuta kafi limevunjika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hupima kitu ambacho tayari kinalindwa. Paneli huulinda waya, na waya ulikuwa mzima. Haina macho ya kuona ndani ya bomba. Kafi likivunjika, hakuna kitakachokuambia isipokuwa maji yenyewe. Tulikaa huko hadi magharibi, kwa sababu mjomba hakukubali kufunga kihisi kipya kabla hajakipata kile kipande kilichovunjika. Aliogopa kisije kikasafiri na maji kikaziba tundu la kinyunyizio. Alikipata kwenye kona ya bomba, akakitia mfukoni kama mtu aliyeokota pete.

Usiku, tukila ugali na sukuma, alinisimulia habari za jengo moja la Philadelphia, Marekani, lililoitwa One Meridian Plaza. Lilikuwa na orofa 38. Jumamosi tarehe 23 Februari 1991 moto ulianza orofa ya 22, kutokana na matambara yenye mafuta yaliyoachwa na mafundi. Uliwaka kwa saa 19. Wazimamoto watatu walikufa. Mabomba ya kuwapa maji yalikuwepo, lakini valvu za kupunguzia nguvu ya maji hazikurekebishwa sawasawa, kwa hivyo yaliyotoka kwenye mipira yao yalikuwa hafifu. Moto ulipanda orofa baada ya orofa hadi ya 30, na huko ukakutana na vinyunyizio. Vilifunguka kumi tu. Ukakoma.

"Umeona?" alisema mjomba akilamba vidole. "Vichwa kumi."

Yeye alikuwa akiwaza vichwa kumi. Mimi niliwaza zile valvu. Mtu fulani alizirekebisha vibaya, mtu mwingine aliziangalia akaona ziko sawa, au hakuziangalia akasema ameziangalia. Tonge likanikwama. Nilipolala sikulala, nilimwona yule mama wa miwani chini ya marobota. Nilikumbuka vilevile habari za shule ya Kyanguli, Machakos, tulizosimuliwa na mwalimu, ambako wenzetu 67 waliteketea bwenini mwezi wa Machi 2001, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwenye kufunga kufuli ile pia nadhani alikwenda kulala akijua amefanya kazi yake.

Saa nane za usiku nilimgongea mjomba mlango. Nikamweleza yote, hata habari za kipa. Nilitarajia kofi, kwetu upande wa mama hawana mchezo. Hakunipiga. Aliwasha taa, akatoa fomu kwenye mkoba, akanionyesha mahali pa sahihi ambapo palikuwa bado patupu.

"Jumatatu ningetia sahihi hapa," akasema. "Jina langu. Si lako." Akazima taa.

Jumapili hakwenda kanisani, jambo ambalo shangazi alilisema mara tatu kabla ya chai. Jengo lilikuwa kimya. Safari hii mjomba mwenyewe aliketi kwenye paneli na saa, mimi nikapanda orofa ya tatu peke yangu. Cherehani zilikuwa zimefunikwa, leso na sweta zimeachwa kwenye viti. Marobota yalikuwa yameshushwa. Nilisema 'sasa', nikafungua koki, maji yakakimbia ndani ya bomba la kutolea taka kwa kishindo. Nikahesabu kimoyomoyo. Sijawahi kujua kwamba dakika moja ni ndefu hivyo. Nilifika sitini, nikafika themanini, jasho jembamba likinitoka. Nilipita tisini. Ndipo kengele ikalia.

"Tisini na nane," mjomba akasema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya unga.

Alipanda, akafungua kifuniko cha kihisi. Kafi lilikuwa zima. Kile kijigurudumu cha kichelewesho kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Nani? Hatukujua, na mjomba hakujisumbua kutafuta. Alisema huwa hivyo: kengele inalia usiku wa manane kwa sababu ya pampu, watu wanachoka, mtu anakuja na bisibisi ili watu walale. Maji yangetoka kama kawaida, alinieleza, kwa sababu kijichupa hakisubiri kengele. Ila walioko orofa za juu wangekaa kimya sekunde zote hizo, moshi ukipanda ngazi.

Akakirudisha. Tulipima mara tatu: 41, 42, 41. Akaweka alama ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, ya shangazi, kuanzia kwenye kijigurudumu hadi kwenye chuma, ili mkono ukipita tena ionekane. Kisha akanipa daftari na kalamu. Nilitaka kuifuta ile 45 kwa raba. Akanizuia. Alitaka niikate kwa mstari mmoja, isomeke, niandike 98 kando yake, halafu 41, na herufi za jina langu. Daftari hilo huwekwa na mwenye jengo, na liko huko mpaka leo.

Likizo ya Agosti nilirudi. Nilidhani mjomba atanipa kazi ya kubeba mkoba tu, lakini alinivisha ile saa shingoni bila kusema neno. Ile alama nyekundu ilikuwa haijavunjika. Askari alikuwa yule yule. Ingwe walikuwa wamefungwa na alikuwa na mengi ya kueleza. Alileta chai, akaiweka mbele yangu. Nilishika simu sikioni kwa mkono mmoja na saa kwa mkono wa pili hadi orofa zote tano zikaisha. Chai ilikuwa imepoa, na inzi mmoja alikwisha kuionja. Nilimtoa nikainywa.