Nani Atakaa Kwenye Gari?



Ndugu zangu katika imani, vijana wa msikiti wetu hapa Nangara wamepanga, inshaAllah, safari ya baiskeli ya siku 5 huko pwani: Tanga mjini, Pangani, Mkwaja, Saadani mpaka Bagamoyo. Wamejiandikisha 14, na wote 14 wanataka kuendesha. Gari la kusindikiza lipo, dereva yupo. Wa kupika, wa kuziba pancha na wa kujaza madumu ya maji hakuna hata mmoja. Kijana mmoja aliniuliza, "Sasa shehe, mimi nikapige picha na sufuria?" Nilicheka, lakini neno lile sikuliacha lipite.

Kwanza niwajibu wanaosema safari yenyewe ni upuuzi. Allah (s.w.) katika Surat Al-Ankabut ametuamrisha tutembee katika ardhi, tutazame alivyoanzisha uumbaji. Vijana wetu wamekulia kando ya Ziwa Babati na viboko wake, na wengi hawajaonja maji ya chumvi. Njiani watapita Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya Waislamu waliotutangulia kwa karne nyingi. Watafika Pangani, aliponyongwa Abushiri bin Salim Desemba 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani. Karibu na Bagamoyo watayaona magofu ya Kaole. Na bahari itakuwa mkono wa kushoto karibu siku zote. Huo si upuuzi.

Sasa turudi kwenye gari.

Wakazi wa barabara yetu hii ya Arusha kwenda Dodoma mmewahi kuwaona wale wageni wa baiskeli, wamevaa kofia ngumu, wamejipaka dawa ya jua usoni. Ni msafara uitwao Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003. Huondoka Kairo mwezi Januari, ukateremka kwa siku kadhaa kandokando ya Bahari ya Shamu, kisha ukashika Mto Nile, na kwa miaka mingi umepita hapa Babati ukielekea Kondoa na Dodoma. Mwisho wake ni Cape Town, mwezi Mei. Ni kama kilomita 12,000. Watoto huwashangilia waendeshaji. Lori linalokuja na mizigo hawalitazami, na mimi ndilo ninalolitazama. Limebeba mahema, maji, chakula na vipuri. Mwendeshaji anakuta chakula cha mchana kando ya barabara, jioni anakuta moto umewashwa, na akiugua anapanda garini na baiskeli yake. Wapo wanaojivunia kumaliza Afrika nzima bila kupanda lori hata hatua moja. Lakini hata hao, uji wao wa asubuhi ulipikwa na mtu.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) siku ya joto kali. Wengine walifunga, wengine hawakufunga. Kivuli kilikuwa haba mpaka mtu alijikinga jua kwa mkono wake. Waliofunga waliishiwa nguvu wakaanguka chini. Ambao hawakufunga ndio waliosimama, wakapiga mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa ujira wa siku ile wameuchukua wale ambao hawakufunga. Ndugu yangu, zingatia: saumu ni ibada kubwa, na bado siku ile ujira ulikwenda kwa wenye mahema na ndoo.

Na yeye mwenyewe alikuwa wapi katika msafara? Jabir (r.a.) ameeleza, katika Sunan ya Abu Dawud, kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akibaki nyuma safarini, akimsukuma mbele aliye dhaifu, akimpakia, na kuwaombea dua. Leo kazi hiyo tunamwachia gari la mwisho. (Kuna usemi mashuhuri kwamba bwana wa watu ni mtumishi wao. Wanazuoni wameidhoofisha isnadi yake, kwa hiyo sikuutumia.)

Sasa kuna wazo lililoletwa kwangu baada ya Ijumaa, nalo halikunipendeza. Wamesema sufuria apewe kijana mmoja ambaye hana baiskeli, na yeye akakubali upesi. Bila shaka angekubali, maana ndiyo njia yake pekee ya kuiona bahari. Kumlipa mpishi ni halali, sina neno. Lakini hawakusema watamlipa. Wao wapate upepo wa bahari, yeye apate moshi, siku 5 mfululizo, kwa sababu tu baba yake hana uwezo? Hapana.

Nimewapangia zamu. Kila siku vijana 3 watakaa garini na baiskeli zao zitabaki mikononi mwa wenzao, yule asiye na baiskeli akiwa wa kwanza kuazimwa. Aliyeendesha leo kesho apike. Ndani ya Hifadhi ya Saadani baiskeli zote zitapanda gari, maana kule kuna simba na tembo, na ushujaa wa namna hiyo dini haikuuagiza. Swala watafupisha za rakaa nne. Adhuhuri na Alasiri wanaweza kuzikusanya penye uzito, na anayelinda vyombo asisahauliwe wenzake wakipanga safu.

Wawili wamejitoa kwa ajili ya zamu. Nimewaambia waende salama, sikuwabembeleza. Kwa hiyo nafasi mbili ziko wazi. Anayejua kuziba pancha, au anayeweza kupika wali wa watu 15 usiungue, na tuonane msikitini baada ya Isha.

Wabillahi tawfiq.