Kwa Treni Katika Bonde la Silikoni

Mji wa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, umejengwa juu ya vilima vilivyo ukingoni mwa bahari ya Pasifiki, na katika miezi ya kiangazi ukungu mzito huingia kutoka baharini ukaufunika mji tangu alfajiri. Wageni wengi huenda kulitazama daraja la Golden Gate, wakapiga picha, wakaondoka. Lakini msafiri atakaye kupaona mahali ambapo vijana wa kila taifa wanakimbilia siku hizi kutafuta bahati zao katika biashara ya akili mnemba, afadhali aliache daraja hilo na kwenda katika mtaa wa Mission. Huko, katika barabara ya 18, limesimama jengo liitwalo Pioneer, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa kiwanda cha masanduku ya safari. Ndani ya jengo hilo ndimo kampuni ya OpenAI, iliyoanzishwa Desemba 2015, ilimoishi miaka yake ya mwanzo.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni hiyo iliifungulia dunia programu yake ya ChatGPT, na kwa muda wa siku tano watu milioni moja walikwisha kujiandikisha. Hayo yanajulikana. Lisilosimuliwa sana ni lile lililowapata majirani. Mwezi mmoja tu kabla ya siku hiyo, kampuni changa iitwayo Jasper, yenye asili ya mji wa Austin katika jimbo la Texas, ilikuwa imepewa na wawekezaji dola milioni 125, na thamani yake ikakadiriwa kuwa dola bilioni 1.5. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wafanyabiashara kuandika matangazo na barua za mauzo, na chombo ilichokitumia kilikuwa modeli iliyokodiwa kutoka OpenAI hiyo hiyo. Modeli, kama ziitwavyo, ni programu za kompyuta zilizolishwa maandishi mengi kupita kiasi, mpaka zikaweza kuandika, kutafsiri na kujibu maswali kwa lugha ya kawaida ya watu. Basi mpangaji alikuwa amefungua duka barazani, na duka likashamiri. Kisha mwenye nyumba akafungua lake sebuleni, akagawa bidhaa ile ile bure. Julai 2023 Jasper ikapunguza wafanyakazi wake.

Wahenga walisema, mtumai cha nduguye hufa maskini. Jasper haikufa. Iliacha kuuza uandishi mtupu, ikageukia idara za masoko za makampuni makubwa, ambako kinachohitajiwa ni mtu wa kuzijua taratibu za kampuni fulani, sauti yake na bidhaa zake. Tulitie hilo akilini tunapopanda treni, maana tutakutana nalo tena njiani.

Treni ya Caltrain huondoka katika kituo kilicho karibu na mtaa wa King na kwenda kusini hadi San Jose, mwendo wa kilomita 77 hivi. Tangu Septemba 2024 inakwenda kwa umeme. Mkono wa kushoto msafiri huiona ghuba, mkono wa kulia vilima. Bonde hili la Santa Clara zamani lilikuwa nchi ya matunda: aprikoti, plamu na cheri zilizokaushwa na kutiwa katika makopo zilitoka hapa kwenda kuuzwa mbali, na wenyeji walikuwa wakiliita Bonde la Furaha ya Moyo. Jina la silikoni limelishika tangu 1971, mwandishi wa magazeti Don Hoefler alipolitumia katika makala zake. Katika mji wa Sunnyvale bado limehifadhiwa shamba dogo la aprikoti, nami nadhani linastahili kutazamwa kuliko ofisi nyingi za vioo zilizo jirani nalo.

Kituo cha Menlo Park chatupasa tukishukie. Magharibi yake ipo barabara ya Sand Hill, ambako ofisi za wawekezaji zimejificha chini ya miti kana kwamba hazina fedha. Kijana mwenye wazo huja hapa na maelezo yake mafupi, na siku hizi swali analoulizwa limebadilika. Zamani aliulizwa, je, waweza kukitengeneza? Sasa huulizwa, mwenye modeli akikitengeneza mwenyewe mwaka ujao, wewe utabaki na nini? Swali ni gumu lakini ni la haki.

Upande wa pili wa mji huo huo, karibu na maji, yapo makao ya kampuni ya Meta. Julai 2023 kampuni hiyo iliitoa modeli yake ya Llama 2 kwa namna ambayo mtu aweza kuichukua kabisa, kwa masharti fulani, akaiweka katika mitambo yake mwenyewe na kuifundisha zaidi. Modeli hiyo ilifika mbali. Nchini Kenya, shirika la Jacaranda Health, ambalo huwasaidia akina mama wajawazito na wazazi wapya kwa ujumbe wa simu, liliichukua likaifundisha Kiswahili na kuiita UlizaLlama. Jacaranda si kampuni ya kutafuta faida, lakini mwenye kampuni changa ana la kujifunza kwake. Mama anayeuliza usiku juu ya maumivu ya tumbo huandika kwa mkato, akachanganya Kiswahili na Kiingereza, pengine na Sheng, na mtu wa kulifahamu swali lake si mhandisi wa Menlo Park, hata awe hodari namna gani. Shirika lilikuwa na maswali ya akina mama kabla halijawa na modeli. Hiyo ndiyo mali ambayo mwenye nyumba hawezi kuifungia mlango. Hali kadhalika, Januari 2025 kampuni ya DeepSeek, ya mji wa Hangzhou nchini China, iliitoa bure modeli yake iitwayo R1, na wenye kampuni changa wakapata mahali pengine pa kupanga.

Palo Alto ni kituo kifuatacho. Katika nyumba namba 367 ya barabara ya Addison lipo banda la gari ambamo Bill Hewlett na Dave Packard walianzia kazi, na mwaka 1939 wakasajili ushirika wao kwa mtaji wa dola 538. Wageni hawaruhusiwi kuingia. Banda hutazamwa kutoka barabarani. Chombo chao cha kwanza kilikuwa cha kupimia sauti, na kampuni ya Walt Disney ilinunua vinane kwa ajili ya filamu ya Fantasia. Banda hili huwafanya watu wasimulie hadithi tamu ambayo leo ni nusu ya kweli. Mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alieleza mwaka 2023 kwamba kuifundisha modeli ya GPT-4 kuligharimu zaidi ya dola milioni 100. Hakuna banda litakalofanya hivyo. Lakini kuikodi modeli kama hiyo hulipiwa kwa senti, na vijana wawili wasio na mtaji waweza kumaliza kwa majuma kazi iliyokuwa ikihitaji wahandisi kumi. Vijana wanne wa chuo cha MIT walianzisha kampuni ya Anysphere mwaka 2022, wakatengeneza chombo cha kuwasaidia waandishi wa programu, kiitwacho Cursor. Novemba 2025 wawekezaji waliithamini kwa dola bilioni 29.3. Modeli wamekodi kwa wenye nyumba kadhaa, si mmoja, na wameanza kufundisha zao wenyewe. Wana sababu: wenye nyumba hao, Anthropic na OpenAI miongoni mwao, wamekwisha kufungua maduka ya kazi hiyo hiyo.

Mountain View ina historia ya watu wanane, mara mbili. Mwaka 1957 wataalamu wanane walimwacha mwajiri wao, William Shockley, aliyekuwa na maabara yake katika barabara ya San Antonio, wakaunda kampuni ya Fairchild. Kutokana na hiyo, wawili kati yao waliunda Intel mwaka 1968. Miaka 60 baada ya kuondoka kwao, mwaka 2017, watafiti wanane wa Google walitoa andiko lililoweka msingi wa modeli zote tulizozitaja. Hadi 2023 wote wanane walikuwa wameondoka, wengi wao kwenda kuanzisha kampuni: Cohere mjini Toronto, Sakana AI mjini Tokyo, Character.AI hapa hapa bondeni. Lakini Agosti 2024 Noam Shazeer wa Character.AI alirudi Google, kwa mapatano yaliyoripotiwa kugharimu dola bilioni 2.7. Kwa wanane wa kwanza, kutoka kulikuwa kutoka.

Kabla ya mwisho wa reli upo mji wa Santa Clara. Kampuni ya Chegg, iliyokuwa ikiwauzia wanafunzi msaada wa masomo, ilikuwa na makao yake humo. Mei 2023 hisa zake zilipoteza karibu nusu ya thamani kwa siku moja, baada ya mkuu wake kukiri kwamba ChatGPT inawachukua wateja. Katika mji huo huo yapo makao ya Nvidia, ambayo chipu zake ndizo zinazofundishia modeli hizi. Mtafiti Alex Krizhevsky, mjini Toronto, alitumia mbili tu mwaka 2012, zilizouzwa kwa wacheza michezo ya kompyuta, kuifundisha mashine kutambua picha, na mengi yakaanzia hapo.

Mjini San Jose, mashariki ya kituo cha mwisho, katika barabara ya Berryessa, upo mgahawa wa Denny's ambamo Jensen Huang na wenzake wawili waliipanga Nvidia mwaka 1993. Kibao kimewekwa mezani pao. Hakielezi kwamba chipu yao ya kwanza haikupata soko, wala kwamba walishindwa kutimiza mkataba waliofunga na kampuni ya Sega ya Japani, nayo Sega ikawapa hata hivyo dola milioni 5, zikawavusha hadi mwaka 1997 walipotoa chipu ya RIVA 128.