Nyar Dar

Jamani nimerudi, mzima kabisa. Mlioniuliza mazoezi ya kufundisha yaliniendeaje huko Musoma, habari za maandalio ya somo na ukaguzi zitakuja siku nyingine (tulikaguliwa, tukapona). Leo nataka kuwasimulia Kijaluo.

Najua mtu wa Mara ataniuliza, Kigera na Kijaluo wapi na wapi? Pale ni kwa Wakwaya na Wajita, Wajaluo wengi wako Rorya. Kweli. Ila chumba nilipanga kwa mama mmoja aliyehamia kutoka Rorya, na mama huyo alfajiri yuko mwaloni Mwigobero kununua samaki, kurudi ni usiku. Nyumbani nabaki na mama yake, bibi wa miaka 80 na kitu, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu".

Siku mbili za kwanza tulitabasamiana mpaka mashavu yakauma. Ya tatu nikamwomba mama mwenye nyumba anifundishe kuuliza "hiki ni nini". Ma en ang'o? Basi, kazi ikaanza. Nikitoka shule nanyooshea kila kitu kidole: pi, maji. Mach, moto. Rech, samaki. Kuon, ugali. Bibi akachangamka kuliko mwalimu wa zamu! Akaniita Nyar Dar, binti wa Dar, nami nikamwita dana, bibi yangu.

Salamu ndizo zilizonimaliza. Asubuhi ni oyawore, yaani imefunguka. Jioni oimore, imejifunika. Dunia yenyewe hiyo, kama sufuria. Ukiulizwa idhi nade, unaendaje, unajibu adhi maber, naenda vizuri. Sasa hiyo a- ya mbele kwao ni "mimi", kwetu ni "yeye", kwa hiyo wiki nzima kichwani mwangu kulikuwa na mtu mwingine anayeendelea vizuri. Halafu mwalimu ni japuonj, mwanafunzi ni japuonjre. Kile ki-re cha mwisho kinamrudishia mtu kitendo chake: anayejifundisha. Sisi nasi tunayo "kujifunza", ila mwanafunzi wetu hana hiyo ji-. Wenzangu wa saikolojia ya elimu, mpo?

Mchana nilikuwa na kidato cha kwanza, watoto waliosoma kila kitu kwa Kiswahili na sasa wanaletewa kila kitu kwa Kiingereza, na wengine nyumbani wana lugha ya tatu. Jioni nipo kwenye kigoda, nadaka neno moja kati ya kumi. Wale wa dawati la nyuma wanaonyamaza nikawa nawaelewa sana.

Wiki ya tano nimerudi nikamkuta dana kalala mchana, jambo asilolifanya kamwe. Nikamsalimia, hakuitika. Baadaye akashika kichwa: "Wiya bara." Hilo nilikuwa nalijua, kichwa changu kinapasuka. Akaongeza "denda liet", mwili una moto, na kweli ulikuwa unachoma. Simu ya mama haipatikani. Nikaita bodaboda, tukambana katikati, mpaka zahanati.

Nesi anauliza, ameanza lini? Dana ananitazama mimi. Karang'o? nikamuuliza. "Nyoro." Jana. Anatapika? Hapo msamiati umekwisha, nikaigiza kwa mikono na mdomo, na bibi wa watu pamoja na homa yake akacheka, kisha akatikisa kichwa. Akapimwa, malaria. Tukarudi na vidonge, nami usiku kucha "madh pi, dana, madh pi", kunywa maji bibi.

Mama aliporudi na kusikia habari hizo hakusema kitu, alienda kuwasha moto saa tano usiku akanikaangia sato mzima. Bi ichiem, njoo ule.

Jumapili nilipiga simu kutoka hapa Chang'ombe, akapewa dana. Akanisemesha dakika nzima bila kupumua. Nilidaka jina langu, samaki, na oriti ya kuagana. Kama kuna mtu wa Shirati au Utegi hapa hosteli anitafute, maana namba zangu bado zinaishia abich, tano, na Desemba naenda kumsalimia.