Papa Potwe Hawakuwa Wameondoka

Nakumbuka jinsi tulivyoizungumzia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Tuliitaja kwa ukubwa wake: kilomita za mraba 822, kusini na mashariki ya kisiwa, zenye kanda ambamo ni marufuku kuvua na nyingine ambamo uvuvi una masharti. Tuliamini kwamba mpaka ukichorwa na doria ikianza, bahari imelindwa. Mwaka 1998 joto la maji lilipanda, matumbawe yakapauka na kufa ndani ya hifadhi na nje yake. Tangu hapo imani yangu katika mpaka pekee ilianza kupungua, na yaliyopimwa baadaye yameipunguza zaidi.

Ushahidi mzito kuliko wote kwangu ni wa papa potwe. Huonekana mbele ya mji wa Kilindoni, Mafia, tangu Oktoba hivi hadi Machi, kisha hupotea machoni, ikadhaniwa wamehama. Watafiti wakawafunga vifaa vinavyotoa mlio, wakazamisha vipokezi baharini; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakaonyesha kuwa papa hao walikuwapo Mafia mwaka mzima, ila walisogea kwenye maji ya kina mbali na pwani. Na Kilindoni iko magharibi, nje ya hifadhi. Mwaka huohuo, chombo kilichokokota vinasa sauti majini kando ya pwani ya Tanzania kilisikia milipuko ya baruti ya wavuvi haramu zaidi ya 300, mingi ikiwa jirani na Dar es Salaam. Wanaolalamikia gharama za vifaa vya kupimia wafikirie hilo: boti ya doria isiyojua pa kwenda huchoma mafuta bure.

Wapo wanaosema vifaa hivi, pamoja na setilaiti, ni jicho la serikali juu ya mvuvi mnyonge, na kwamba wazee wa kisiwa cha Jibondo, hapo Mafia, wanaijua miamba kuliko setilaiti. Hofu yao ina msingi, kwa sababu ramani iliyochorwa ofisini inaweza kumnyang'anya mtu riziki kwa mstari mmoja. Lakini mzee anayeupata mwamba kwa kulinganisha alama za nchi kavu ana ujuzi ambao setilaiti haina, nayo setilaiti hupima joto la Bahari ya Hindi nzima, jambo lisilowezekana kutoka ngalawani. Kukosa kimojawapo ni hasara. Dawa ya dhuluma, basi, ni kuipeleka ramani kijijini ihojiwe kabla haijawa sheria, na kuirekebisha ushahidi unapobadilika. Kazi hiyo ianzie Kilindoni, ambako papa potwe na wenye nyavu wanagombea maji yaleyale: mipaka ya 1995 ipitiwe upya, wavuvi wakiwa mezani tangu siku ya kwanza.