Somo la Virchow kwa Wana wa Mpaka wa Kaskazini

Sisi tuliokulia Garissa, Wajir na Mandera wakati nchi hii ingali ikiitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini tumebaki wachache. Sehemu kubwa ya umri wangu niliitumia kuwahudumia wagonjwa wa eneo hili, katika zahanati na katika maabara, pamoja na wenzangu ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Leo nazungumza na vijana wetu, hasa wale wanaosomea utabibu na uuguzi hapa Garissa, ambao hukutana na jina la Rudolf Virchow katika vitabu vya patholojia, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakaliacha. Nawaomba walirudie jina hilo wakiwa wameikumbuka ardhi waliyozaliwa. Mjerumani huyo hakuwahi kufika ukingoni mwa Mto Tana. Hata hivyo, alipokuwa na umri wa miaka 26 alitambua jambo ambalo kizazi chetu kilikuja kulijua kwa kuzika jamaa zake: kwamba maradhi ya watu walioachwa nyuma hutayarishiwa njia na wanadamu, muda mrefu kabla kijidudu hakijaingia mwilini.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, huko Pomerania, sehemu ambayo leo iko ndani ya Poland. Baba yake alikuwa mkulima na mhazini wa mji. Kijana alipata elimu yake ya udaktari Berlin kwa ufadhili wa chuo cha kijeshi, akahitimu mwaka 1843. Katika hospitali ya Charité alipewa kazi ambayo wengine waliikwepa, ya kupasua maiti na kutafuta ndani yake sababu ya kifo. Mwaka 1845 alieleza habari za mgonjwa ambaye damu yake ilijaa chembe nyeupe kupita kiasi, na baadaye ugonjwa huo akauita lukemia, jina tunalolitumia hadi leo. Alionyesha pia jinsi bonge la damu linavyoweza kuganda katika mshipa wa mguu, likakatika, likasafiri mpaka kwenye mapafu na kumuua mtu ghafla. Mwaka 1858 alichapisha kitabu chake kikuu, Die Cellularpathologie, kinachofundisha kwamba kila seli hutokana na seli nyingine, na kwamba ugonjwa ni mvurugiko wa seli za mwili wenyewe. Hadi wakati huo madaktari wengi walikuwa wakiamini kwamba mtu huugua kwa sababu maji ya mwili yamepoteza mizani. Kila kijana anayeweka tone la damu chini ya hadubini katika hospitali zetu anafuata njia iliyofunguliwa na mtu huyo.

Lakini miaka kumi kabla ya kitabu hicho, mwanzoni mwa mwaka 1848, serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu, mkoa wa mpakani uliokaliwa na watu maskini wanaosema Kipolandi, ambako njaa na homa ya tifasi zilikuwa zikiua watu kwa maelfu. Alikaa huko wiki chache tu, akiingia katika vibanda vyao na kupasua maiti zao. Ripoti aliyorudi nayo haikuwa ile waliyoitarajia waliomtuma. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba dawa ya Silesia ni watu kujitawala wenyewe, elimu kwa wavulana na wasichana, barabara, kilimo bora, kodi zisizowaelemea maskini, na lugha ya wenyeji kutambuliwa katika shughuli za serikali. Siku chache baada ya kurejea Berlin alisimama kwenye vizuizi vya barabarani pamoja na wanamapinduzi wa Machi, na mwaka uliofuata aliiacha Berlin kwenda kufundisha Würzburg. Aliporudishwa mwaka 1856 alikuwa mwalimu mashuhuri, na kwa miongo mingi baadaye, akiwa diwani na mbunge, aliipigania Berlin ipate maji safi na mifereji ya maji taka.

Vijana wetu, iwekeni Silesia hiyo kando ya nchi tuliyoirithi sisi. Mkoloni aliifunga kwa sheria za wilaya za mbali, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilitangazwa huku kwetu, na haikuondolewa hadi mwaka 1991. Katika miaka ya vita vya shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, watu wetu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, tulivyoviita manyatta, na mfugaji ambaye uhai wake ni kuhama akazuiwa kuhama. Mifugo ilikufa kwa kukosa malisho, na watoto waliokuwa wakiishi kwa maziwa wakabaki bila maziwa. Mwaka 1965 serikali ilichapisha Waraka wa Bunge Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari kwa maendeleo. Sisi hatukuwa na mvua wala barabara, na kwa hesabu hiyo hospitali yetu, shule yetu na kisima chetu vikawa vya kungojewa. Wagonjwa wa surua, wa kuharisha na wa kifua kikuu tuliowapokea katika miaka hiyo waliletwa na ngamia au kwa loria za mizigo, wengine baada ya siku nyingi za safari, na wengi walifika wakati mkono wa mwanadamu hauna tena la kufanya. Nyinyi leo mnaandika kwenye fomu jina la ugonjwa uliomuua mtu. Sisi tuliliandika jina hilo tukijua kwamba nusu ya sababu haikuwa na nafasi katika fomu.

Kifua kikuu ndicho kilichotufundisha zaidi kuliko maradhi mengine yote. Robert Koch alitangaza kugundua bakteria wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, katika mji uleule wa Virchow, na mzee Virchow hakuwahi kuwapa bakteria uzito waliostahili. Mabishano ya Berlin yalikuja kupatanishwa Wajir. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyefika Kenya mwaka 1969 kama mwalimu, alianza mwaka 1976 kuongoza mpango wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wanaohama. Dawa zilikuwapo, lakini mfugaji aliyezimeza wiki mbili akapata nafuu aliwafuata ngamia wake, na ugonjwa ukamrudia ukiwa mkali zaidi. Kwa hiyo wagonjwa walijenga vibanda vyao vya aqal karibu na kituo, wakakaa na jamaa zao miezi sita, wakameza dawa kila siku mbele ya mhudumu, huku wakifundishwa kusoma. Utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa ulikuja kuenea ulimwenguni. Mama huyo aliuawa Borama, huko Somaliland, mwaka 2003, mwaka uleule aliotunukiwa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi. Tunamheshimu yeye, na tunawaheshimu pia wale wachungaji waliokubali kukaa mahali pamoja nusu mwaka, huku mifugo yao ikiwa mikononi mwa wengine. Uvumilivu wao ulikuwa sehemu ya tiba.

Jambo jingine ambalo Virchow alilisisitiza ni kwamba udaktari wa binadamu na udaktari wa mifugo haufai kutenganishwa kwa ukuta. Yeye ndiye aliyetoa jina la zoonosi kwa maradhi yanayopita kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, na alipigania ukaguzi wa nyama ufanywe kwa hadubini. Garissa ililijua hilo mwishoni mwa 1997. Mvua za El Niño zilishuka kwa kiasi ambacho hata baba zetu hawakukisimulia. Tana ikavunja kingo, barabara zikakatika, mifugo ikasimama ndani ya maji. Kondoo na mbuzi wakaanza kuharibu mimba kwa wingi, kisha watu wakaanza kufa wakivuja damu. Mwezi Desemba ripoti zilitaja vifo 478 visivyoelezeka, katika mkoa wetu wa Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia. Sampuli zilipopimwa ilibainika kwamba Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa miongoni mwetu, virusi vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza humuhumu Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti walikadiria kwamba katika Wilaya ya Garissa peke yake waliambukizwa watu 27,500. Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa 2006, ukaanzia tena Garissa, na kabla haujatulia ulikuwa umeua zaidi ya watu 150 nchini. Vichinjio vilifungwa, soko la mifugo likasimama, na familia zisizo na mapato mengine zikakaa na wanyama ambao hakuna aliyewataka.

Hapa natamka kwa fahari ya kizazi changu. Virusi hivyo hukaa miaka mingi katika mayai ya mbu yaliyozikwa kwenye udongo wa mabonde makavu, yakingojea mafuriko. Wazee wetu hawakuwa na hadubini ya kuyaona mayai hayo, ila walijua kwamba mvua za namna ile, mbu wa namna ile na kondoo wanaotoka damu puani ni dalili za sandik, jina letu la homa hiyo, na walilisema hilo. Uchunguzi uliofanywa baada ya mlipuko wa 2006 ulithibitisha kwamba wafugaji wa Kaskazini Mashariki waliitambua hatari kabla idara za mifugo na za afya hazijachukua hatua. Zamani neno la mchungaji lilichukua majuma kufika ofisini, na likifika lilipokewa kama uvumi. Sasa mchungaji ana simu, na daktari wa mifugo na daktari wa watu wanaweza kuketi meza moja. Kilichobaki ni masikio ya kumsikiliza.

Kuna upande wa kazi ya Virchow ambao lazima tuupime kwa uangalifu. Elimu yake ilijengwa juu ya maiti, nasi ni watu tunaowaosha marehemu wetu, tukawasalia na kuwazika bila kuchelewa. Kazi ya upasuaji wa maiti ilikuwa nadra katika miaka yetu, tukalazimika kuujua ugonjwa kwa kumchunguza aliye hai na kumsikiliza aliyemuuguza. Zaidi ya hayo, chama cha anthropolojia alichokianzisha na wenzake Berlin mwaka 1869 kilikusanya mafuvu ya watu wa mabara mengi, na desturi hiyo iliendelea hata mafuvu zaidi ya 1,000 yakachukuliwa kutoka Tanganyika, Rwanda na sehemu nyingine za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 2023 jamaa wa baadhi ya marehemu hao walipatikana Tanzania. Mtu aliyewatetea maskini wa Silesia aliishi katika zama ambazo wafu wa Afrika hawakuombewa ruhusa. Kijana anayechukua damu ya mama wa Bura au Dadaab leo ana wajibu wa kumweleza kwa lugha yake inakopelekwa, na kumrudishia majibu.

Mnayo ambayo sisi hatukuwa nayo. Katiba ya 2010 imetaja afya kuwa haki ya kila mtu, na imeanzisha hazina ya usawazishaji ili maji, barabara, afya na umeme vifike maeneo yaliyoachwa. Tangu 2013 kaunti zetu zinasimamia hospitali zake zenyewe. Mambo mengi ambayo Virchow aliwaombea watu wa Silesia yameandikwa sasa katika sheria yenu, na yaliandikwa kwa sababu watu wa kizazi changu hawakuchoka kuyadai, katika mabaraza, katika tume na mbele ya wakubwa waliotukalisha nje kwa saa nyingi. Lakini sheria haichimbi kisima. Ripoti ya Silesia ilieleza kilichoonekana ndani ya miili, kisha ikataja kilichokosekana katika nchi, na mwandishi wake akaweka jina lake chini. Nanyi mnapoandika juu ya mlipuko wa Fafi, wa Lagdera au wa Mandera, tajeni vijidudu kwa majina yake ya kitaalamu. Halafu tajeni barabara, kisima na shule ambavyo havikuwapo, na mwaka ambao viliahidiwa. Wekeni sahihi, mkaupeleke waraka huo mbele ya bunge la kaunti. Sisi tutakaokuwa hai tutaketi nyuma yenu siku hiyo, na mkiulizwa ni nani aliyewaruhusu kuchanganya udaktari na siasa, tuonyesheni sisi.